Tuta Lililozeeka Kando ya Mto Manafwa: Uchambuzi wa Kisa cha Wakulima wa Mpunga wa Butaleja

Mto Manafwa, mashariki mwa Uganda, huanzia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao kilele chake kimefika mita 4,321 juu ya usawa wa bahari. Hupita Bududa, huvuka barabara ya Tororo kwenda Mbale, kisha huingia katika tambarare ya Butaleja na kupoteza kasi yake kabla ya kuungana na Mpologoma kuelekea Ziwa Kyoga. Tambarare hiyo iko kwenye mita 1,100 hivi na Kyoga iko kwenye mita 1,030 na kitu, kwa hiyo mto uliokuwa ukiporomoka mlimani hubakiwa na mteremko mdogo mno katika njia yote iliyosalia. Maji yaliyobeba udongo wa mlimani yakifika mahali pasipo na mteremko huutua udongo huo papo hapo. Sakafu ya mto huinuka msimu baada ya msimu, hata mkulima aliyesimama katika jaruba lake wakati wa mvua huwa na maji ya mtoni yaliyo juu kuliko kiuno chake, na kinachomtenganisha nayo ni tuta la udongo tu.

Butaleja inajulikana kwa Skimu ya Mpunga ya Doho, iliyojengwa katika miaka ya 1970 na 1980 kwa msaada wa China, yenye hekta zipatazo 1,000, na iliyokarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa mradi uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kisa hiki hakihusu skimu hiyo. Kinahusu wakulima wa nje yake, watu ambao wazazi wao walijifunza kilimo cha majaruba kwa kuwatazama majirani wa skimu, wakafungua mashamba yao wenyewe kwenye ardhi oevu na kujijengea tuta kwa majembe. Wakulima wa namna hii ni wengi katika bonde la Manafwa. Hawana banio la zege la kugawia maji wala mhandisi, na tuta lao halimo katika orodha ya mali ya serikali, kwa hiyo likizeeka hakuna anayewajibika kulitazama. Mimi ni fundi wa umwagiliaji, nimefanya kazi na vikundi kama hivyo upande wa mashariki kwa miaka kadhaa, na kikundi hiki kiliniita baada ya tuta lake kubomoka. Kijiji sikitaji, kwa kuwa wenyewe walinipa ruhusa ya kulieleza tuta lao na si kuwatangaza wao.

Tuta lilibomoka usiku ambao hapo kijijini hapakunyesha hata tone. Jambo hilo huwashangaza wageni lakini si wenyeji: mvua hunyesha Bududa mchana, na maji yake hufika tambarareni saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wamelala. Ving'ora vya tahadhari ya mafuriko vilivyowekwa wilayani mwaka 2014 vilikuwa hatua njema, na ninaamini kila bonde la mlima huu linavihitaji, ila onyo humwokoa mtu na mifugo yake na haliwezi kuuokoa mpunga uliokwisha kupandikizwa. Hakuna aliyekufa usiku ule. Kulipopambazuka kulikuwa na pengo la hatua thelathini kwenye kona kubwa ya mto, na maji yalikuwa yametanda hadi karibu na barabara ya kijiji.

Nilifika siku ya tano, maji yakiwa yamepungua. Mwenyekiti wa kikundi alinipokea na barua iliyokwisha kuandikwa, yenye sahihi na alama za vidole za wanachama, ikiomba msaada wa kuliinua tuta lote kwa mita moja. Sababu iliyotajwa katika barua hiyo ni kwamba maji yalipita juu. Kila niliyemuuliza alisema hivyo hivyo, na hawakuwa wakidanganya. Mtu anayeamka na kukuta maji uani kwake hudhani kwamba yamemruka mlinzi wake. Hata hivyo nilimwomba mwenyekiti asiitume barua mpaka tutembee pamoja juu ya tuta, kutoka mwanzo wake hadi mwisho.

Maji yakipita juu ya tuta huacha dalili. Nyasi za juu hulazwa zote kuelekea upande wa mashamba kama nywele zilizochanwa, takataka hunasa mgongoni mwa tuta, na upande wa mashambani huwa na michirizi ya udongo uliochimbwa na maji yanayoanguka. Hapo hatukuona hata moja ya dalili hizo. Mstari wa takataka, yaani vijiti, mabua na vipande vya migomba vilivyotoka mlimani, ulikuwa umeganda upande wa mto, shibiri mbili na zaidi chini ya mgongo wa tuta, na uliendelea hivyo pande zote mbili za pengo. Mto haukulipita tuta kwa juu. Ulilivunja ukiwa chini ya mgongo wake.

Pengo lenyewe lilitueleza mengine. Mahali tuta lilipokatika palikuwa kama mkate uliokatwa kwa kisu, na tabaka zake zilionekana wazi. Chini kabisa kulikuwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wazee waliupanga kwa majembe walipofungua mashamba. Juu yake kulikuwa na utepe mwembamba wa nyasi zilizooza, kwa sababu walioongeza udongo mara ya pili hawakufyeka wala kukwangua, waliumwaga tu juu ya majani. Kisha palikuwa na mchanga mweupe, mkavu, unaomwagika ukiugusa, uliochotwa mtoni kwa ekskaveta, mashine ya kuchimbia, iliyokodiwa msimu mmoja wa kiangazi kusafisha mto na kuutupa mchanga juu ya tuta. Juu kabisa palikuwa na udongo mwekundu uliobaki kwenye kazi ya barabara. Tabaka hizo nne hazikuwahi kushikana, na kila zilipokutana palikuwa ni njia ya maji. Nilimpa mwenyekiti kiganja cha ule mchanga mweupe nikamwomba aufinyange kama tonge, ukamtoka vidoleni. Hakusema kitu, aliukung'uta mkono na kuendelea kutazama.

Chini ya kona hiyo kuna majaruba mawili ya mama mmoja mtu mzima, na maelezo yake yalitusaidia kuliko vipimo vyangu vyote. Alinionyesha mahali karibu na kitako cha tuta, upande wa shamba, palipochimbika.

"Hapa, mwanangu, palikuwa panatoka maji tangu msimu uliopita," alisema. "Nami nilikuwa nashukuru, maana yalinisaidia kunyweshea kitalu changu cha miche."

"Yalikuwa safi au machafu, mama?"

"Mwanzoni safi kabisa, ungeweza kunywa. Baadaye yakawa kama maji ya kuoshea mchele."

Katika maneno hayo mna ugonjwa wote wa tuta lililozeeka. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na maji yanayotoka upande wa pili yakiwa maangavu ni ya kufuatiliwa tu, kwa kuwa yanapita katikati ya chembe za udongo bila kuzibeba. Yakianza kuwa na rangi ya maji ya mchele, maana yake yanatoka na udongo, na udongo huo unatoka ndani ya mwili wa tuta. Tundu huanzia upande wa shamba, hurudi nyuma kidogo kidogo kuelekea mtoni kama panya anayechimba, na siku linapoufikia mto hugeuka bomba. Kuanzia hapo hazihesabiwi siku, zinahesabiwa dakika. Mgongo wa tuta huanguka ndani ya pango lililoachwa chini yake, na mto hupita.

Aliyeanzisha tundu la hapo alikuwa fuko. Tulikuta mashimo yake hatua chache kutoka kwenye pengo, moja likiwa pana kiasi cha kupitisha ngumi, likielekea ndani kwenye ule utepe wa nyasi zilizooza ambako kuchimba ni rahisi na mizizi laini ni mingi. Hatua kama kumi kutoka hapo ng'ombe walikuwa wamejichongea njia ya kushuka kunywa maji, nayo ilikuwa imekwangua mgongo wa tuta hadi kuupunguza kwa urefu wa mkono. Aidha, kona hiyo ni ya upande wa nje, mahali ambapo mto hugonga kwa nguvu zake zote na kula kitako cha ukingo kwa chini. Upande wa pili wa kona mto ulikuwa umejijengea ufuko mpana wa mchanga, ambako vijana huchota mchanga wa kuuza, na kila lori lililoshuka hapo lilizidi kuuhamisha mkondo. Mambo hayo yote yalikutana mahali pamoja. Kubomoka kwa tuta hakukuwa bahati mbaya ya usiku mmoja, na naomba msomaji mwenye tuta kijijini kwake alipime hilo kwa macho yake mwenyewe.

Hasara haikugawanyika sawa, na kutokuwa sawa huko ndiko kulikofanya mashauriano yawe magumu baadaye. Mpunga ni mmea unaovumilia maji. Miche iliyokwisha kushika ikifunikwa kwa siku mbili tatu kisha maji yakaondoka, mara nyingi hupona, kwa hiyo wenye majaruba ya mbali walipoteza sehemu tu ya mavuno yao. Waliokuwa mbele ya pengo walipata kitu kibaya kuliko maji. Mto ukipasua tuta hutapika mchanga wake papo hapo, na majaruba sita yalifunikwa na mchanga uliofika magotini, ardhi nyeusi yote ikiwa chini yake. Mchanga haukauki ukaondoka. Unaondolewa kwa koleo na mkokoteni, au unabaki, na aliyekuwa na jaruba la mpunga anabaki na kiwanja kisichoshika maji.

Tulirudi kwenye barua. Nilieleza mbele ya mkutano kwa nini sikuunga mkono kuongeza mita moja, na nitalirudia hapa kwa kuwa ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote. Tuta la udongo halisimami wima. Likiwa na mwinamo wa mbili kwa moja (yaani mita mbili za upana kwa kila mita ya kimo) upande wa shamba na mbili na nusu kwa moja upande wa mto, kila mita ya kimo inayoongezwa inadai mita nne na nusu zaidi za upana wa chini. Wanaoongeza kimo kwa kawaida hawaongezi kitako. Humwaga udongo juu, tuta likawa refu na jembamba, na maji yanayozuiwa yakawa mengi zaidi, yakisukuma kwa nguvu zaidi dhidi ya mwili ule ule wenye mashimo. Likibomoka, hubomoka kwa kishindo kikubwa kuliko cha kwanza. Isitoshe, mto uliobanwa kati ya matuta marefu hauna pengine pa kuutua mchanga wake isipokuwa kwenye sakafu yake mwenyewe, na baada ya miaka michache faida ya ile mita huwa imemezwa na sakafu iliyopanda. Tena ng'ambo ya mto kuna wakulima wengine wenye tuta la zamani kama hili. Maji ambayo upande mmoja unayakataa kwa kujiinua huenda kwao.

Nilipendekeza mambo mengine. Pale kwenye kona, tuta lisijengwe mahali lilipokuwa bali lirudishwe nyuma, ili mto upate nafasi ya kupanuka na kutua mchanga wake mbali na kitako cha tuta jipya. Sehemu nyingine zote zitibiwe mwili kabla ya kufikiriwa kimo: mashimo yachimbuliwe na kujazwa, njia ya ng'ombe ijengewe, kitako kiongezewe udongo upande wa shamba. Kisha pachaguliwe mahali pamoja pa chini kidogo kuliko mgongo wa sehemu nyingine, papandwe nyasi za kushikamana, ili mto ukizidi utokee hapo kwa utaratibu kuelekea kinamasi cha mafunjo kilicho nyuma ya mashamba, badala ya kujichagulia wenyewe usiku. Tuta lisilo na mahali palipokubaliwa pa kutolea maji ni tuta ambalo mto utalichagulia mahali.

Mkutano ulikubali jambo la pili bila ubishi, ukalisikiliza la tatu kwa mashaka, na la kwanza likauvunja. Kurudisha tuta nyuma kulimaanisha kwamba majaruba ya familia saba yangebaki upande wa mto. Wanne kati yao walikuwa ndio hao hao waliofunikiwa na mchanga. Mzee mmoja aliuliza kwa nini waliopoteza mavuno wapoteze na ardhi, na sikuwa na jibu la kiufundi la kumpa, kwa sababu swali lake halikuwa la kiufundi. Kijana mmoja aliyesoma alijaribu kulimaliza kwa sheria, akasema kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinataka mita 100 ziachwe kila upande wa mito iliyoorodheshwa, na Manafwa imo. Alichosema ni kweli. Lakini kuitumia sheria hiyo dhidi ya familia saba huku wengine wote waliokaa wakitazama wakilima ndani ya ardhi oevu hiyo hiyo kungekuwa dhuluma, na nilisimama kulisema hilo hata kama lilinichelewesha wiki tatu.

Wiki hizo tatu zilikuwa na kazi kuliko miezi iliyofuata. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wazee wawili walipita nyumba kwa nyumba, wakipima nani ana majaruba mangapi na yanalindwa kwa kiasi gani na tuta. Hatimaye kilikubaliwa kitu ambacho hakikunijia mimi bali mwanamke mmoja mtunza hazina wa kikundi: kila mwenye majaruba zaidi ya matatu akatwe ukanda mwembamba upande wa nyuma, mifereji isogezwe, na kanda hizo zikiunganishwa ziwe majaruba ya kuwafidia waliorudishwa nyuma. Ardhi yao ya zamani, iliyobaki upande wa mto, haikunyang'anywa. Waliruhusiwa kupanda matete ya kulisha mifugo, ambayo yanastahimili maji na mizizi yake inashika ukingo, ila mpunga na majaruba hapana. Makubaliano yaliandikwa, yakasomwa kwa Kinyole na kwa Kiswahili, na ofisa mazingira wa wilaya akaitwa kuyashuhudia kabla jembe halijaingia ardhini.

Ujenzi ulifanyika kati ya Desemba na Februari, mto ukiwa chini. Kuhusu kazi yenyewe nitataja yale tu yanayosahaulika. Kwanza, msingi wa tuta jipya ulifyekwa na kukwanguliwa hadi kwenye udongo hai, kisha ukachimbwa mtaro wa kina cha goti katikati yake na kujazwa mfinyanzi, ili tuta liwe na mzizi na maji yasipate utepe wa nyasi wa kupitia. Pili, pale tuta jipya lilipounganishwa na la zamani, la zamani lilikatwa ngazi ngazi, udongo mpya ukakalia kila ngazi. Ukiunganisha kwa kuegemeza tu, mshono huo utafunguka mvua za kwanza. Tatu, udongo uliwekwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 na kila tabaka ikashindiliwa kwa magogo yenye mishikio kabla ya nyingine kuletwa. Kazi hii inachosha, na kila kundi hujaribu kuweka tabaka nene ili limalize mapema. Nilizoea kupita na fimbo ya chuma yenye ncha: ikizama kwa kusukumwa na mkono mmoja, tabaka hiyo irudiwe. Unyevu tuliupima kwa kiganja, udongo ukifinywa uwe tonge linaloshikana bila kulowanisha mkono.

Mfinyanzi mzuri ulitoka kwenye vichuguu vya mlimani kidogo, nje ya bonde, ule ule ambao watu hufyatulia matofali. Hapo kuna jambo la kuangaliwa. Udongo wa kichuguu kilichovunjwa na kupondwa ni hazina kwa mjenzi wa tuta, lakini kichuguu kilicho hai juu ya tuta ni hatari sawa na fuko, kwa kuwa chini yake kuna vyumba na njia zinazoweza kufika mbali. Tulikuta vitatu juu ya tuta la zamani. Watoto walikuwa wakivipanda kuchungia ndege wakati mpunga unapokomaa, na hakuna aliyewahi kuvifikiria kuwa ni ugonjwa.

Mgongoni na ubavuni mwa tuta tulipanda ukoka, na kwenye ukingo wa kona safu mbili za vetiva, nyasi ambayo mizizi yake hushuka wima mita mbili na zaidi bila kutambaa na kuvamia majaruba. Miti hatukupanda juu ya tuta, ingawa mradi mmoja ulikuwa tayari kutoa miche bure na ilitulazimu kuikataa kwa heshima. Mti mkubwa ukiangushwa na upepo hung'oa kipande cha tuta, na ukifa mizizi yake huoza na kuacha mabomba. Mahali pa miti ni nje ya kitako, na zaidi ya hapo ni huko juu, katika wilaya za Bududa na Manafwa, kwenye miteremko ambako udongo unaotuzibia mto unatokea. Tangu maporomoko ya ardhi ya Nametsi, huko Bududa, ya Machi 2010 yamesemwa mengi kuhusu miteremko hiyo, nami nayaunga mkono, ila mkulima wa tambarare hawezi kuusubiri msitu wa miaka ishirini wakati mvua za Aprili zinakuja mwaka huu.

Niliulizwa mara kwa mara kwa nini tusijenge kwa magabioni, wavu wa chuma uliojazwa mawe, kama watu walivyoyaona kwenye picha za Kasese, magharibi mwa Uganda. Mto Nyamwamba wa huko, uliopasua kingo zake mwezi Mei 2013 na tena Mei 2020 na kuiharibu vibaya hospitali ya Kilembe, ni mto wa aina nyingine: una mteremko mkali, unavingirisha mawe makubwa kuliko nyumba ndogo, na adui yake ni kishindo. Manafwa wa Butaleja hana mawe. Ana mchanga laini na subira. Gabioni likikaa juu ya mchanga laini bila kitambaa cha kuchujia nyuma yake, maji huvuta udongo kupitia katikati ya mawe, na kikapu hutitia polepole kuelekea mtoni. Mawe yenyewe yangelazimika kusafirishwa kutoka mbali kwa fedha ambazo kikundi hakikuwa nazo.

Mvua zilizofuata hazikuwa nyepesi. Mto ulipanda hadi kwenye kona, ukajaza ile nafasi tuliyouachia, na asubuhi matete yalikuwa yamesimama katika maji mapana yasiyo na kasi. Usiku wa pili maji yalianza kutoka pale pa chini palipopandwa ukoka, kina cha kifundo cha mguu, yakashuka kuelekea kwenye mafunjo. Majaruba ya karibu na njia hiyo yalikaa chini ya maji siku mbili, kama ilivyokubaliwa, na wenyewe walikasirika, kama ilivyotarajiwa. Nilikuwapo asubuhi hiyo na sitaki kuifanya hasira yao iwe ndogo: ni rahisi kukubali katika mkutano kwamba maji yapite shambani kwako, na ni jambo jingine kuyaona yamepita. Mpunga wao ulipona. Tuta halikubomoka mahali popote.

Kasoro zilikuwapo. Kwenye mshono wa chini, upande ambako ngazi zilikatwa haraka siku ya mwisho kabla ya sikukuu, ulitokea ufa wa kwenda na urefu wa tuta, mwembamba kama kidole. Ulichimbuliwa wote hadi mwisho wake na kujazwa upya kwa mfinyanzi, kwa sababu ufa unaofukiwa juu tu huwa umefichwa na si kwamba umetibiwa. Pia tuta jipya lilishuka kwa kiasi ambacho mwenye jicho angekiona. Udongo ulioshindiliwa kwa mikono hutitia, ndiyo maana tulikuwa tumeliongeza kimo kwa sehemu moja ya kumi tangu mwanzo. Njia ya ng'ombe iliyojengwa kwa mwinamo mpole na kutandikwa kokoto imeshika vizuri, lakini wachungaji wawili bado hupitisha mifugo pale pa zamani, na mwenyekiti amekwenda kwao mara tatu.

Ulinzi wa tuta sasa una wenyewe. Limegawanywa vipande, kila kipande kina watu wawili wanaolipitia mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi na kila siku wakati wa mvua, mmoja wao akitembea kwenye kitako upande wa shamba, si mgongoni, kwa kuwa maji hujionyesha chini. Mama wa majaruba mawili ndiye msimamizi wa kipande cha kona, na ana chupa ya plastiki angavu ambayo huikinga kwenye kila unyevu anaouona, kisha huiweka kivulini mpaka jioni atazame kama kuna udongo uliotua chini. Ukitua, watu huitwa. Hawaruhusiwi kuliziba tundu, kwa kuwa maji yaliyozibwa hutafuta njia nyingine ndani ya tuta. Hulizungushia viroba vya mchanga kama kisima kidogo, maji yapande ndani ya duara hilo mpaka uzito wake upunguze kasi ya yanayotoka na yaanze kutoka yakiwa safi. Viroba mia mbili vitupu vimehifadhiwa kwenye ghala la kikundi, na kila mavuno mwenye jaruba hutoa kilo kadhaa za mpunga kwa mfuko wa tuta, zinazouzwa kwa wanunuzi wanaotoka Mbale na Busia.

Yaliyobaki ni mawili. Wakulima wa ng'ambo wametuma wajumbe wao kutazama kona, na mazungumzo ya kuwa na mahali pa kutolea maji pande zote mbili yameanza, ingawa upande wao hauna kinamasi nyuma yake na patahitajika mfereji mrefu. La pili linanisumbua zaidi. Kati ya familia saba, tano zimepewa majaruba yao mapya na zimekwisha kuvuna. Mbili bado, kwa sababu wenye kanda mbili za mwisho walisema watazitoa baada ya kuvuna, wakavuna, na wakapanda tena. Nimemwandikia mwenyekiti kwamba sitarudi kupima sehemu ya juu ya tuta, ambayo inahitaji kuongezewa kitako kabla ya mvua za Septemba, mpaka majaruba hayo mawili yawe yamekabidhiwa na mifereji yake kufunguliwa.